Fundi Redio Aliyeitwa na Sauti ya Mkewe

Ndugu Pantaleo Tarsis Chilumba alizaliwa Lukuledi, Masasi, tarehe 27 Julai 1948, sikukuu ya Mtakatifu Pantaleo, hivyo padri hakuhangaika kutafuta jina. Alisoma shule ya misheni hukohuko hadi darasa la nane, mwaka 1963.

Mwaka 1967 alikuja Dar es Salaam akajifunza ufundi wa redio Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi. Vipuri vilipoadimika, alianika betri zilizokufa juani, zikapata uhai kidogo. Mwaka 1974 alimwoa Angelina, aliyempelekea redio aitengeneze, ikakaa kwake wiki tano. Mtaa mzima unajua kuwa redio ile ilikuwa imeishiwa betri tu.

Mwaka 1980 alianza kumeza mandrax, vidonge vya usingizi, kwa starehe na wenzake. Hatufichi, mficha maradhi kifo humuumbua. Tarehe 6 Oktoba 1983 aliviacha vyote kwa siku moja, akamwapia mkewe kuwa havigusi tena. Tulishangilia, kwa kutojua.

Siku ya pili mikono ilitetemeka. Siku ya tatu alimsikia Angelina akimwita, na Angelina yuko kwenye foleni ya sukari. Alifungua redio zote kwenye kibanda chake cha ufundi, hata zisizo na betri, akimtafuta ndani.

Tulimpeleka hospitali, na daktari alimweleza kifundi: "Mishipa ya fahamu haigusani, fundi. Hupelekeana habari kwa chembechembe za kemikali. Vidonge vilipunguza sauti, ubongo ukaipandisha. Umeviondoa ghafla, sauti imebaki juu. Ungepunguza kidogo kidogo." Akamwambia arudi Jumatano alazwe.

"Kwa hiyo anayeniita ni mimi mwenyewe," alisema Pantaleo, na hilo lilimtisha zaidi.

Mwenye nyumba wao Magomeni, Bi Mwanamize, aliwapa desturi ya pwani. "Ukiitwa na usiyemwona, mwanangu, usiitike mpaka mara ya tatu. Kisicho mtu huita mara moja."

Wakaafikiana hivyo. Pantaleo alitulia, ingawa kutwa alijisahau akalitaja jina la mkewe, akimjibu yule asiyeonekana. Ndiyo maana walipatana kuwa akimhitaji mkewe kweli, naye ataita mara tatu.

Jumanne tarehe 11, saa nane mchana, Angelina alikuwa uani akisonga ugali. Alisikia, "Angelina," kutoka chumbani. Mara moja. Akatulia na mwiko mkononi, akingojea ya pili. Alipoingia, kifafa cha kuacha vidonge ghafla kilikwisha kumpitia mumewe na roho ilikwisha kutoka.

Ameacha mke, Angelina. Watoto wawili, Klara na Gaudens. Mama yake, Severa. Na mdogo wake, Benjamini, anayesoma haya.

Mtakaokuja kuhani, jueni kuwa tangu Jumanne Angelina huitika kila mara, hata pasipo mtu aliyeita. Msimshangae. Kaka yetu, Mungu amjalie kimya alichokikosa, apumzike.