Mkate wa Msibani

Gráinne hakukusudia kusikiliza, lakini ndani ya basi la kwenda Clifden, magharibi mwa Ireland, harufu ya mkate wa magadi uliotoka tu jikoni ilimfanya ainue shingo. Mama aliyekaa mbele yake alikuwa ameupakata, umefungwa kwa kitambaa.

"Unanitesa, mama," akasema mzee aliyeketi kando ya mama huyo, ingawa hawakujuana. "Unampelekea nani?"

"Naupeleka msibani, kwa marehemu dada yangu Bríd. Mwili wake wameulaza sebuleni, leo ndio mkesha kabla ya maziko."

"Pole sana. Mbona una hofu hivyo?"

"Hatukusemezana tena tangu mama yetu afariki. Niliapa sitakanyaga kwake. Wanawe wakinifukuza je?"

Mzee akaguna. "Wakufukuze kwenye mkesha? Huku kwetu? Hata aliyemwibia marehemu ng'ombe hupewa chai na sandwichi."

"Huwajui wale. Wamerithi ulimi wa mama yao."

"Na wewe wako umeurithi wapi?"

Gráinne akaficha kicheko kwenye skafu. Yule mama mwenyewe alitabasamu, kisha macho yakamjaa machozi.

Basi likasimama mbele ya nyumba ambayo mlango wake ulikuwa wazi, wanaume wakivuta sigara nje. Mama hakuinuka. Dereva akamtazama kwenye kioo. Ndipo mzee akavaa kofia yake.

"Haya, twende. Simjui marehemu, lakini kutoa pole najua."

Wakashuka pamoja. Gráinne akafuta ukungu dirishani aone nani angewapokea, lakini basi lilikuwa limeshakata kona.