Programu Tuliyoijenga Mara Tatu

Mgeni rasmi, Mama Beatrice Kisyeri, Mratibu wa Mradi wa Kalamu Mpya;
Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji;
Wazee wetu, shikamooni;
Wanakikundi na wageni wote mliofika.

Tarehe kumi na nane Februari mwaka jana, saa tatu asubuhi, tulikuwa tumesimama hapa mlangoni pa chumba chetu cha kompyuta tukimsubiri Anold Nchagwa, kwa kuwa ufunguo alikuwa nao yeye. Hakufika. Saa tano tulipigiwa simu kwamba amepata ajali ya pikipiki akitoka Natta, alikokwenda kutengeneza kompyuta ya kambi moja ya watalii. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Tumeanza na siku hiyo kwa sababu kazi utakayoonyeshwa leo aliianza yeye.

KARIBU MACHOCHWE

Mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuja mwenyewe. Tulizoea kupokea barua. Tunakushukuru pia kwa kompyuta kumi na tano mpya ulizotuletea. Chumba hiki hakijawahi kuona kompyuta ambayo haijatumiwa na mtu mwingine kwanza.

TULIVYOANZA

Kikundi chetu kina wanachama kumi na wanne, wengi wetu wakulima na wafugaji tuliomaliza kidato cha nne. Mashine zetu ni nane, zote za kupewa: tano za Windows zilizotoka shuleni, mbili za Linux alizozifufua Anold, na moja ya Mac iliyoachwa na mgeni wa kambi.

Watu walikuwa wanakuja kuandikiwa barua, hasa maombi ya kifuta jasho cha serikali tembo wakishakula shamba. Umeme ukikatika, barua inapotea na mzee anaanza kusimulia upya. Anold alikuwa anasema, "Umeme wa hapa ukiondoka hauagi." Ndipo akatafuta programu huria ya kuandikia. Huria maana yake ni kwamba wenye nayo wameruhusu mtu yeyote kuichukua, kuibadilisha na kuigawa, ilimradi majina ya walioitengeneza yasifutwe.

Anold akaongeza vitu vitatu. Programu inahifadhi kila mstari unapomaliza kuuandika. Menyu zake ni za Kiswahili na Kikurya. Na inaandika irabu zote saba za Kikurya, ambazo kibodi ya dukani haina.

Lakini programu ya namna hiyo huwezi kuihamisha tu kutoka mashine hadi mashine. Inabidi uijenge, yaani uchukue msimbo, yale maandishi ya mtaalamu, uugeuze uwe kitu kinachokubalika na mfumo wa mashine husika. Linux inataka hivi, Windows vile, Mac vingine. Anold alikuwa amefika kwenye Linux tu.

Mgeni rasmi, hapa tunakiri kosa letu. Matanga yalipomalizika, vitu vya marehemu viligawiwa kama ilivyo desturi. Koti lilikwenda kwa mjomba, na laptopu ikaenda kwa baba mdogo, Mzee Marwa wa Nyanungu. Sisi wenyewe tuliifuta vumbi, tukaikabidhi kwa mikono miwili. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba msimbo wote wenye kazi ya Anold ulikuwa humo, na kwingine haupo. Tulikumbuka wiki tatu baadaye.

Tulikwenda Nyanungu watu watatu: Hezekia, mwenyekiti wa kikundi, mwanakikundi mwenzetu Irine, na katibu anayesoma risala hii, ambaye Anold ni kaka yake. Tulimkuta Mzee Marwa nyumbani. Laptopu ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cheupe.

"Mmekuja kuhani mara ya pili?" akauliza.

Hezekia akaeleza. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mlinipa wenyewe, watu wote wakiona. Ng'ombe wa mahari akishafika kwa wakwe, mnamfuata tena na kamba?"

Irine ndiye aliyejibu: "Hapana, baba. Ng'ombe ni wako, abaki hapo hapo. Sisi tumekuja na kibuyu tu, tukamue maziwa." Akamwonyesha flashi.

Mzee akaigeuzageuza. "Kibuyu chenyewe hiki? Hakijai hata kijiko."

"Kinajaa kazi yote ya Anold, na kwenye laptopu haipungui hata herufi."

"Kwanza nione hayo maziwa."

Tukawasha. Katibu akaandika kwa Kikurya jina la Mzee Marwa, la baba yake, na la babu yake, na irabu zote zikakaa mahali pake. Mzee alifuata kwa kidole polepole, akarudia mara mbili. Kisha akasema, "Miaka yote jina la baba yangu wanaliandika vibaya ofisini. Kumbe huyu mtoto alikuwa analijua." Akaturudishia flashi. "Haya, kamueni. Lakini jina la mwanangu lisitoke humo."

Tukamwambia hata sheria ya programu hairuhusu kulitoa.

TULIYOYAFANYA

Tuliporudi tulijenga kwanza kwenye Linux. Maelekezo ya Anold yalikuwa wazi, ikakubali siku hiyo hiyo.

Windows ilitutesa siku kumi na moja. Tulijenga, ikakataa. Tukafuta, tukaanza upya, ikakataa. Mokami, ambaye shuleni alikimbia somo la kompyuta akidai macho yanamuuma, ndiye aliyegundua. Tulikuwa tumeipa folda ya kazi jina kamili la kikundi, kama lilivyo kwenye muhuri, maneno sita yenye nafasi katikati. Tulifanya hivyo kwa heshima. Vifaa vya kujengea vikifika kwenye nafasi ya kwanza vinadhani jina limeishia hapo, vinapotea njia. Mokami akasema, "Jamani, mashine haijali muhuri wetu. Tuipe jina moja fupi." Akaandika: anold. Ikajengwa.

Mac tulimaliza mwezi wa nane. Siku hiyo Hezekia alichinja mbuzi, na wazee walioalikwa walikula bila kuuliza Mac ni nini.

Mgeni rasmi, leo programu hii inafanya kazi kwenye mifumo mitatu, na imejengwa na watu ambao hakuna hata mmoja aliyesomea chuo. Tumeandika maombi ya kifuta jasho sitini na mawili, na hakuna hata moja lililopotea umeme ukikatika. Tumeandika nasaba za koo kumi na tisa kwa Kikurya, kwa irabu zake. Ukifungua ukurasa unaowataja watengenezaji, baada ya majina ya wageni tusiowajua utasoma: Anold Nchagwa, Machochwe. Tunajivunia sana mstari huo.

CHANGAMOTO

Changamoto za umeme na mtandao unazijua, hatutakuchosha. Tunayo moja.

Barua ya mradi inasema kompyuta mpya zimefungwa kwa nywila iliyoko ofisini kwenu, na haziruhusiwi kuongezewa programu yoyote. Inasema pia kwamba tukishapokea mpya, zile nane za zamani zitachukuliwa. Tunaelewa kwamba nia ni njema, kuzilinda zisiharibiwe. Ila tukizijumlisha sentensi hizo mbili, hakuna mashine hata moja Machochwe itakayobaki na kazi ya Anold. Zitabaki flashi yetu, isiyo na mashine ya kujengea, na laptopu ya Nyanungu, juu ya kabati.

OMBI

Kwa hiyo hatuombi kuongezewa mashine. Tunaomba utufungulie moja, Mokami ajenge ukiwa umekaa hapo hapo unamtazama. Ikiharibika, irudishe na wewe. Ikikubali, utufungulie na zile kumi na nne. Na kama uamuzi hauko mikononi mwako leo, tunaomba zile za zamani zisubiri hapa hadi jibu lipatikane.

Mama yetu, Mungu akulinde barabarani, aibariki nyumba yako na kazi ya mikono yako. Asanteni kwa kutusikiliza.

Ni sisi,
Kikundi cha Waandishi wa Kompyuta Machochwe,
imesomwa kwa niaba yao na Gati Nchagwa, Katibu.

Kujenga kwenye mashine moja kunachukua dakika arobaini. Sasa ni saa sita na nusu, na gari linaondoka na mashine za zamani saa kumi.