Inabakia Mbili Tu: Germain Mwansa, 1938–1990

Germain Mwansa alizaliwa tarehe 12 Mei 1938 karibu na Mwadingusha, mtoto wa tatu wa mvuvi wa mto Lufira. Shuleni alikaa miezi minne tu. Baba yake alipofariki alirudi kwenye nyavu, na herufi zote alizofundishwa zikamtoka.

Tarehe 4 Machi 1968 aliajiriwa kiwandani Shituru, kunyanyua mabamba ya shaba kutoka kwenye asidi. Tarehe 9 Agosti 1969 alimwoa Clémentine hapa Likasi. Kwenye daftari la ndoa bibi harusi aliandika jina lake. Bwana harusi aliweka kidole gumba. Jambo hilo lilimchoma. Tena alitamani kazi ya kusoma vipimo vya mitambo, na mkubwa wake, mzee Barthélemy, alimwambia waziwazi kwamba nafasi hiyo ilikuwa ya mtu anayeweza kusaini.

Basi akajiwekea sharti dogo: kila asubuhi, kabla king'ora cha kiwanda hakijalia, herufi moja kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Asipoiandika, hanywi chai. R ilimpinga wiki tatu nzima. Mwisho wa 1971 aliandika GERMAIN bila kutazama popote, na jaribio lake la kusaini kiwandani likapangwa Februari.

Januari ikaja amri ya serikali ya kuacha majina ya ubatizo. Kwenye orodha ya kiwanda akabaki Mwansa. Wenzake wakamtania: “Germain amekufa, ndugu. Rudia ku kidole.” Alirudi nyumbani, akasimama mbele ya mlango, halafu akaangua kicheko hata Clémentine akaacha kusonga bukari, ugali wa huku.

“Baba Martine, unacheka nini weye?”

“M niko nayo. Niko na A, na N, na A ingine. Inabakia mbili tu.”

W aliishika Jumatatu, S Jumanne. Februari alisaini, akapewa vipimo, akavisoma miaka kumi na saba. Mlangoni herufi zikawa maneno, neno moja kila siku. Jirani aliyekata tamaa kwa jambo lolote hakumpa mahubiri, alimwuliza, “Uko na ngapi tayari?”

Mwaka 1989 moyo ulianza kumsumbua. Mkono ukatetemeka, akarudi kwenye herufi moja kwa siku, naye akaifurahia kama ile ya kwanza. Alifariki tarehe 17 Septemba 1990, alfajiri. Mlangoni aliacha AKSAN.

Ameacha mjane, Clémentine. Watoto Martine, Benoît, Colette na Théodore. Dada yake Rosalie. Na wajukuu wawili.

Leo asubuhi, kabla king'ora hakijalia, Clémentine alichukua chaki akaandika T, kisha I. Ndipo akanywa chai.

Baba Germain, hakuna iliyobaki. Pumzika kwa amani ya Bwana.