Kiapo cha Waselai na Wagrondo

Mvua ilikuwa imekatika Nchiru, matope yamebaki, na benchi la Ciakuthii lilikuwa limejaa. Ciakuthii anauza kahawa ya tangawizi katika nchi inayolima kahawa na kunywa chai, na bado birika lake hukauka kabla ya jioni. Upande mmoja alikaa Bundi wa bodaboda, Mtigania wanayemwita Spika kwa sababu hakuna hoja inayopita bila yeye. Upande wa pili, Ndwiga wa Embu, muuza dawa za mifugo, jina la benchi Daktari. Katikati, Mukiri, mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapo jirani, kompyuta mapajani, hasira puani. Jina lake ni la mtu mkimya. Kwenye midahalo ya chuo hakuna aliyewahi kuuona huo ukimya. Saa kumi na moja angewasomea chama cha waandishi sura ya mwisho ya riwaya yake, waamue kama itachapwa. Sura yenyewe haikuwepo.

— Mwenyekiti wa chama ananiambia eti viumbe wangu ni majirani zetu waliovishwa mabawa! alifoka. Haya, sikieni. Waselai wanaishi juu ya mawingu, wana manyoya mgongoni, chakula chao ukungu.

— Hao ni Waimenti, Spika alikata kesi. Wako huko juu, wanatuangalia chini.

— Manyoya yakinyeshewa je? Daktari aliuliza. Hiyo ni nimonia. Dawa ninayo.

— Wacheni nimalize! Wagrondo, wanaopigana nao vita, wako chini ya mlima. Hawalali.

— Wafanyabiashara wa miraa wa Mikinduri!

— Spika, aki nitakumwagia hii kahawa. Lugha yao haina neno la "changu".

— Basi hao hawatoki Embu, Daktari alisema. Kwetu hata kivuli cha mti kina mpaka.

— Na mfalme wa hao Waselai akiwaza vita, Spika aliuliza, nani anammiminia kahawa?

— Mfalme ni mwanamke, na ana mikono!

Ciakuthii alicheka mpaka birika likatikisika. Daktari akashusha sauti.

— Niwaambie ukweli. Huu mlima wetu ni mtupu ndani. Wagrondo wapo. Walichukua mbuzi wa mjomba wangu, wakamrudisha akielewa Kiembu.

— Kwani mbeleni alikuwa anaelewa nini? Kiingereza?

Mukiri alicheka, kisha akaikumbuka saa.

— Jameni, vita vimenishinda kumaliza. Nikiua upande mmoja, nimedanganya. Nikiwapatanisha tu hivi hivi, watanicheka.

Spika alikaa wima, mzaha umemtoka.

— Wape gichiaro. Udugu wa kiapo. Watu wako na wangu wakishakula kiapo, ni damu moja. Hawapigani, hawadanganyani, hawaoani. Ndugu wa kiapo akija akitaka ng'ombe, unampa.

— Na akitaka bibi?

— Bibi si ng'ombe, Daktari! Mukiri alifoka, lakini vidole vilikuwa tayari vinakimbia. Kiapo, damu moja. Ameipata!

Mama mmoja wa Muthara alikuwa amesimama kando, kuku kwapani, akimngoja bintiye wa mwaka wa kwanza.

— Mwanangu, samahani. Hawa wa mawinguni na hawa wa chini, wanasikizana?

— Hapana, mama. Lugha zao ziko mbali kabisa. Nimezitunga mwenyewe.

— Sasa hicho kiapo walikula kwa lugha ya nani?

Vidole vilisimama. Kwa Kiselai, Wagrondo wangesema wametawaliwa. Kwa Kigrondo, mtu atatoaje ng'ombe wake bila neno la "wangu"? Daktari alimtazama kuku, labda yeye anajua.

Ciakuthii aliinamisha birika, likatoa kikombe kimoja, basi. Akakiweka kati ya Spika na Daktari, ambao hugombania cha mwisho kila siku. Spika alikiangalia, akanywa nusu, akakisukuma upande wa pili. Daktari akamaliza. Hakuna aliyesema asante.

Mukiri alifunga kompyuta akatimua mbio kwenye matope, viatu mkononi.

— Wee! Spika aliita. Wamekula kiapo kwa lugha gani?

— Hawasemi! alijibu kutoka ng'ambo ya barabara. Wanakunywa kikombe kimoja, wote wananyamaza!

Daktari alitikisa kichwa.

— Watu wote kunyamaza? Hao sasa si majirani zetu.