Historia ya Odyek, Ambaye Hakupewa Sumu na Mkewe

Mimi ni Okwera, kaka yake marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma, shule niliiacha darasa la nne na kusoma nikajifundisha mwenyewe kwa magazeti ya kufungia mandazi, kwa hiyo atakayechoshwa na Kiswahili changu avumilie. Jana kikao cha familia kilinikabidhi karatasi iliyosema marehemu aliugua ghafla baada ya chakula, na maneno hayo yaliwekwa pale ili nyote mmtazame mjane, basi karatasi hiyo nimeiacha nyumbani, ninasoma yangu.

Odyek alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, katika kambi ya jeshi alikohudumu baba yetu, Sajini Ojok, akasoma msingi Nateete hadi mwaka 2000, akamaliza kidato cha nne mwaka 2004, na mwaka 2007 akaajiriwa uaskari wa kulinda maghala, kazi ya kusimama kwa muda wa saa kumi na mbili kila zamu. Tarehe 18 Agosti 2012 alimwoa Aciro kanisani, hapa Kisugu, wakajaliwa watoto wawili, Abalo na Travis, ambao wamekaa mbele yenu na wanasikia mnavyonong'ona.

Tarehe 6 Februari 2021 alianguka kutoka kwenye ngazi ya ghala akavunjika mguu, akapasuliwa hospitali ya Mulago, akapewa vidonge vya maumivu vya siku kumi na kuambiwa vikiisha arudi kwa daktari. Hakurudi, kwa sababu vilipoisha mimi nilikuwa na tramado zangu, vidonge vikali vya maumivu, zilizobaki nilipopasuliwa ngiri, kumi na moja, kwenye soksi, nikampa, nikajiona ndugu mwema. Zilipokwisha akajinunulia mwenyewe bila cheti cha daktari, na aliyemuuzia miaka minne yuko humu hemani, sahani yake ya posho imejaa, ale tu. Alianza na viwili kwa siku, mwisho vikawa kumi.

Tarehe 3 Agosti mwaka huu, 2025, tulimpeleka kijijini kwetu Kitgum, tukamfungia chumbani wiki saba, akatapika, akatetemeka, hatukumuuliza daktari yeyote, sisi familia ya wanaume wa bunduki tunajua kila kitu. Akarudi amenenepa, tukachinja mbuzi, tukasema amepona. Ijumaa tarehe 26 Septemba akarudi kazini, Jumamosi asubuhi akaja nyumbani mguu unamuuma, akala mboga ya malakwang, akameza vidonge kumi kama zamani. Daktari alinieleza baadaye, mara mbili maana nilikuwa namfokea, kwamba mwili uliopumzika umeshasahau dawa, kipimo ulichokizoea zamani sasa kinakata pumzi.

Saa nne Aciro alimsikia anakoroma vibaya, midomo imeingia weusi, akataka kumwamsha, shangazi yetu Akidi akamzuia. "Mwache mwanangu alale, wewe mwanamke, ametoka kazini." Aciro alitii, kwa heshima, na saa sita alipokataa kutii na kumpakia kwenye boda, Odyek alifika Mulago hapumui. Sasa shangazi anasema ni malakwang. Shangazi, chungu kilikuwa kimoja, na wewe ulikula sahani mbili.

Vidonge vya kwanza vilitoka mkononi mwangu. Anayetafuta wa kumtazama anitazame mimi.

Tunawashukuru madaktari waliotuambia ukweli bila kuufunika, majirani wa Kisugu kwa hema na viti, na askari wenzake waliobeba jeneza, ambao baadhi yao vidonge hivyo viko mfukoni hata sasa, ninawajua, na ninawaambia, ukikoma hata wiki chache usirudie hesabu ya zamani, mwenzako akikoroma na haamki usimwache alale, mkimbize hospitali, na kidonge cha mgonjwa mmoja asipewe mwingine.

Gari la Kitgum linaondoka saa saba. Aciro atakaa ndani yake pembeni ya mumewe, na nyumba ya Kisugu itabaki yake na watoto, asiyekubali ashuke abaki barabarani.

Pumzika, Odyek, kwa ile amani ambayo sisi ndugu zako hatukukupa.