Gari la Sindano Lilipoacha Kuja

Kamwene, akina mama. Na nyie akina baba wachache mliokuja, kamwene. Sitasimama muda mrefu, mgongo huu hauko sawa, kwa hiyo mkiniona nimekaa katikati ya maneno msishangae.

Wengi mnanijua kwa nyanya, pale barabarani nakimbiza mabasi na ndoo. Msichokijua ni kwamba nilipasuliwa mara tatu kwa uzazi, na ile ya tatu daktari aliniambia wazi: mama, mimba nyingine inaweza kukuzika. Vidonge vya kuzuia mimba vilikuwa vinanipandisha presha, nikawa mtu wa sindano. Mnalikumbuka lile gari lililokuwa linapaki ofisi ya kata, bure kabisa, na nesi wake mpole.

Basi siku moja nesi akaja kuaga. Alisema hela zilikuwa za Marekani, na wenzetu huko wana ugomvi wa miaka mingi juu ya mambo ya uzazi. Akiingia rais huyu anafungua mfuko, akija yule anafunga. Safari hii wamefunga. Ndugu zangu, nawaambia nilichoka palepale. Watu wanabishana huko kwao, tumbo linaloumia ni la hapa kwetu Ilula.

Nesi alinisihi niende hospitali ya wilaya. Lakini ilikuwa msimu, nyanya zinaiva zote kwa pamoja, na gari lilishawahi kuacha kuja, likarudi. Nikasema litarudi tu. Halikurudi, nikashika mimba.

Sitawadanganya kwamba nilijaa imani. Niliogopa. Nilikuwa nawatazama wanangu wakila ugali, nawaza nani atawapikia. Mama mkwe wangu, ambaye siku zote alinisema namzibia mwanawe uzazi, aliniambia mtoto ni baraka, ninyamaze.

Yeye huyohuyo ndiye aliyenipeleka hospitali uchungu uliponikamata. Damu ilitoka, ikatoka, mpaka wakaanza kutafuta watu wa kunichangia. Walinipasua mara ya nne, mtoto akatoka mzima. Daktari alisema ndani kumeshikana makovu matupu, hakuthubutu hata kunifunga kizazi. Mama mkwe alikaa kwenye benchi, kanga yangu yenye damu ameipakata. Mwanawe alipofika kutoka shambani, akamwambia maneno machache.

"Mwenzako amechanwa mara nne. Sasa zamu yako."

Mume wangu alikaa na neno hilo siku nyingi, nami sikumsukuma, nguvu ya kugombana sikuwa nayo. Halafu asubuhi moja akavaa shati la kanisani, akaenda kufungwa mirija. Jioni yupo nyumbani anakula. Kule kwenye pombe ya ulanzi wakamcheka, wakamwita maksai, dume lililohasiwa. Na yeye mnamjua, si mtu wa maneno. Aliwajibu, "Maksai ndiye anayelima," akaendelea kunywa.

Nawashukuru mlionipa damu, wengine mmo humu na mnajijua. Namshukuru nesi yule, popote alipo. Mama mkwe wangu sijui nimshukuru vipi, tulishapigana sana. Akina mama, gari likirudi tulipokee, mimi sina kinyongo. Ila msikae mkilisubiri kama nilivyolisubiri, wakati mwenzio wa kukusaidia mnakula naye sahani moja.

Huyo mtoto mnayemsikia analia nje yuko mgongoni kwa baba yake. Waiteni waingie, jua kali. Mimi ngoja nikae.