Symphorien, Fundi Aliyempa Mama Mkwe Mgongo

Ndugu yetu Symphorien Tshiamala alizaliwa mtaa wa Kamalondo, hapa Lubumbashi, tarehe 14 Machi 1951, mwana wa tatu wa baba aliyetoka Kasai kutafuta kazi na mama aliyeuza samaki wakavu.

Alisoma kwa mapadri mpaka darasa la sita. Hesabu za ubaoni hazikumwingia, ila za nguo alizaliwa nazo, na mwaka 1969 alifungua kibanda chake cha kushona palepale Kamalondo. Jicho lake, jamani! Unapita zako barabarani, yeye anapaza sauti: "Weye, umenenepa! Leta ile patalo nikupanulie." Na kweli, suruali ilikuwa inabana. Kuhusu ukaidi tusimpambe: alikuwa nao wa kugawia mtaa mzima.

Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na Perpetua, binti wa Unguja aliyekuja Lubumbashi na mjomba wake muuza vitambaa. Mama yake Perpetua, Bi Skolastika, hakuja wala hakutuma baraka. Alisema hambariki mkwe asiyemjua. Bibi harusi alilia siku ile, na jambo hilo lilimkaa moyoni.

Vurugu za 1992 zikafika. Watu wa Kasai wakawa wanafukuzwa katika miji ya Katanga. Kibanda kikavunjwa, cherehani zikabebwa. Perpetua akasema, "Twende kwetu. Mama akikuona, atatubariki." Wakachukua watoto na kitenge kimoja cha zawadi, wakavuka mpaka wa Kasumbalesa kwa lori, wakapanda treni Kapiri Mposhi, Zambia, mpaka Dar es Salaam, kisha meli ya Unguja. Baharini fundi wetu alitapika mpaka akaanza kuungama dhambi.

Huko ndiko mambo yalikoharibika. Kwetu Baluba wa Kasai, mwanaume hamtazami mama mkwe usoni wala hali chakula mbele yake, ndiyo heshima. Bi Skolastika alifungua mlango, akapanua mikono. Mkwe akageuka, akaenda kusimama nyuma ya nyumba. Mezani pia hakuja.

Perpetua akamfuata kwa hasira. "Hapa si Kasai! Muangalie mama, basi!"

"Siwezi. Ni mama mukwe. Nikimuangalia, nimemutukana."

Perpetua akarudi kumweleza mama desturi ile, mama asisadiki. "Kavuka bahari yote hiyo kuja kunipa mgongo! Baraka yangu ataisubiri sana."

Basi Symphorien akaazima cherehani kwa jirani. Akateremsha gauni kuukuu la mama kambani, akaligeuza huku na huku, akaona limechakaa begani upande mmoja, akakishona kile kitenge kiwe gauni la kufuata bega hilo. Akaliacha gauni jipya mlangoni, akatoroka. Bi Skolastika akalivaa, akajipapasa bega. Halafu akasema kwa sauti, ili asikike nyuma ya nyumba: "Bega langu la kushoto limeshuka tangu utotoni, na hakuna fundi aliyewahi kuliona. Haya, mwanangu. Nimewabariki." Perpetua akalia tena, safari hii kwa furaha.

Walirudi Lubumbashi mwaka 1995. Machi 1998 figo zikaanza kumsumbua Symphorien. Bi Skolastika aliposikia, akaifuata njia ileile, meli, treni na lori, na uzee wake wote. Chumbani kwa mgonjwa hakuingia hata mara moja. Alipika uji, akamkabidhi Perpetua mlangoni, akamsalimia mkwe wake kupitia pazia. Symphorien alifariki nyumbani Alhamisi tarehe 20 Agosti 1998, vita vingine vikiwa vimeanza.

Ameacha mjane wake, Perpetua. Watoto, Lévi na Exaucée. Dada yake Clotilde, anayewasomea haya. Na mama mkwe. Huyo msimtafute hapa kaburini. Jana tulimwambia, "Mama, sasa unaweza kumuangalia, haiko mubaya." Akajibu, "Alinistahi akiwa macho. Mimi nimvunjie heshima akiwa amelala?" Amesimama kule nyuma ya magari, na lile gauni la kitenge, ametupa mgongo.

Pumzika kwa amani, fundi. Mama mukwe hakuangalii.